Iringa na Majabali Yake: Nasaha kwa Mwenye Nia ya Kuizuru

Katika miji ya bara ambayo msafiri wa pwani huijua kwa jina na kuipita kwa usingizi, sijui uliodhulumiwa kuliko Iringa. Mabasi yatokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya husimama hapo kwa kadiri ya kushusha abiria na kupakia wengine. Wenye magari yao hutia mafuta Ipogolo, bondeni, karibu na mto Ruaha Mdogo, bila ya kuinua macho kuutazama mji ulioketi juu ya ukingo wa uwanda. Na wageni wa mbali, ambao nia yao ni kuona tembo na simba katika Hifadhi ya Ruaha, yapata kilomita 130 upande wa magharibi, huufanya mahali pa kulala usiku mmoja ili alfajiri waondoke. Mji huu wastahili siku tatu kamili za mtu aliyetulia, na anayeupa pungufu ya hizo atarudi kwake na picha za mawe tu, ilhali mawe yale ni athari za binadamu wa zamani sana na za binadamu wa jana, na hakuna hata moja katika hayo linalofahamika kwa kutupiwa jicho la haraka.

Neno hili nalitanguliza kwa sababu wengi wetu tumezoea magofu ya namna nyingine. Aliyekwisha kufika Kilwa Kisiwani, au Gedi, au Kaole karibu na Bagamoyo, amekuta kuta zilizosimama, mihrabu iliyochongwa, makaburi yenye nguzo, na visima ambavyo hata leo vyaonekana kuwa ni visima. Jicho hupata pa kushika, na hata asiye na mwongozaji hutambua kuwa hapa waliswali na pale walizikana. Iringa haina ukarimu wa namna hiyo. Ngome ya Wahehe ilipigwa kwa mizinga ikavunjwa, na kilichobaki ardhini ni kidogo. Maskani ya watu wa kale zaidi hayakuwa na kuta hata siku moja, bali ni korongo lililojaa mawe ambayo mtu asiyeandaliwa huyakanyaga akidhani ni kokoto. Kwa hiyo siri ya ziara ya Iringa ni utaratibu wake: nini kitangulie, nini kifuate, na nini kisichanganywe na kingine katika siku moja. Mtu aliyeyapanga haya vyema hufurahi hata kama mfuko wake ni mwembamba, na aliyeyavuruga huchoka hata kama amekodi gari la fahari.

Nianze na majira. Mvua za nyanda hizi huanza aghalabu mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Aprili, na katika miezi hiyo korongo la Isimila huteleza na njia za vijijini huharibika. Kuanzia Mei hadi Oktoba ardhi ni kavu na anga ni safi, lakini hapo ndipo mtu wa pwani anapopata mtihani wake, kwa kuwa mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni, Julai na Agosti haina huruma kwa mtu aliyekuja na kanzu nyepesi au shati la mikono mifupi. Chukua sweta nzito, soksi, na kitu cha kujifunika masikio. Chukua pia kofia yenye ukingo, kwa sababu jua la mchana katika nchi ya juu huunguza huku upepo ukikudanganya kwamba hakuna joto. Viatu viwe vya kufunga, vyenye soli ya kushika mwamba. Kandambili ziache nyumba ya wageni.

Safari kutoka Dar es Salaam ni ya kilomita zipatazo 500, nayo huchukua mchana mzima kwa basi. Usiilalie. Baada ya Morogoro barabara hupenya Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50, na abiria aliyekaa dirishani huona nyati, pundamilia na twiga bila ya kulipa kitu; kisha hushuka katika bonde la joto kali lenye mibuyu isiyo na idadi, ambako wauza vitunguu wa Ruaha Mbuyuni huyazunguka magari kwa mafungu yao; na kutoka hapo huanza kupanda mlima Kitonga, wenye kona zilizojikunja moja baada ya nyingine juu ya bonde refu. Mwisho wa kupanda huko hewa hubadilika ghafla, na mtu hutafuta sweta yake kabla hajaambiwa. Baada ya Ilula na nyanya zake, kiasi cha kilomita 25 kabla ya mji, utapita Lugalo. Mwenye gari lake atashawishika kusimama hapo. Namshauri asisimame bado. Nitaeleza sababu mbele.

Mabasi makubwa siku hizi hushushia abiria stendi ya Igumbilo, nje ya mji, na kutoka hapo daladala au bajaji hukupandisha hadi katikati. Nyumba za wageni zipo za kila kadiri. Chagua iliyo karibu na Soko Kuu au Miyomboni, ili jioni uweze kutembea kwa miguu. Na uulize mapema kama kuna maji ya moto na blanketi la pili, maana maswali hayo mawili yana faida kuliko swali la televisheni.

Siku ya kwanza, hata kama umewasili mapema na una hamu, usitoke nje ya mji. Nenda Boma. Ni jengo la mawe la wakati wa Wajerumani, lililokuwa hospitali na baadaye ofisi za serikali, na tangu mwaka 2016 limekuwa makumbusho ya mkoa. Hapo utapata kwa mpangilio mambo ambayo kesho na kesho kutwa utayakuta yametawanyika porini: zana za kale, silaha, vyombo vya nyumbani vya Wahehe na jirani zao, habari za utawala wa Kijerumani na wa Kiingereza. Saa mbili zatosha, lakini zitumie kwa kusoma, na uulize kila usilolifahamu, kwani huu ndio ufunguo wa safari yako yote. Hapo hapo Boma uliza habari za waongozaji. Mwongozaji mzuri wa Iringa ni yule anayejua Kihehe, anayejulikana na wazee wa Kalenga, na ambaye hana haraka. Mkishakubaliana ujira wake, kubalianeni pia kama chakula chake ni juu yako, na kama gari litangoja au litarudi kuwachukua. Ugomvi mwingi wa wasafiri hauletwi na bei. Huletwa na jambo dogo ambalo kila mmoja alidhani mwenzake amelielewa.

Baada ya Boma, tembea. Mji wenyewe ni mwepesi kwa miguu, na una alama ambazo hupitwa na wengi. Kuna bustani yenye mnara wa ukumbusho wa Waafrika waliouawa katika vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Kuna makaburi ya vita, yanayotunzwa vizuri sana, ambamo wamelala askari wa vita vikuu vya dunia. Kuna soko, ambalo nitalirudia. Na jua linapoanza kulegea, panda Gangilonga.

Gangilonga ni jabali kubwa juu ya mji, ambalo wenyeji husema kwamba lilikuwa na sauti, na kwamba Mkwawa, mtawala wa Wahehe, alikuwa akilizuru kutafakari na kutaka habari ya mambo yajayo. Msomaji ataamua mwenyewe itikadi yake. Ninachomshauri mimi ni kulipanda jabali hilo kabla ya kwenda popote pengine, kwa sababu ya kile kinachoonekana kutoka juu yake: mabati ya mji chini ya miguu yako, bonde la Ruaha Mdogo, na vilima vya mawe vilivyoenea pande zote hadi upeo wa macho. Mtu akiisha kutazama nchi hii kwa utulivu hana haja tena ya kuambiwa kwa nini palikuwa mahali pa ngome. Ataona kwa macho yake jinsi jeshi linaloijua njia lingeweza kuliona jeshi geni kabla ya kuonwa. Nenda na wenzako, usiende peke yako, wala usikawie huko mpaka giza, kwani si salama. Na wenye watoto wawashike mikono karibu na ukingo, kwa kuwa jiwe limelainika kwa nyayo za watu.

Siku ya pili iwe ya Isimila peke yake. Mahali hapa pako kiasi cha kilomita 20 kusini-magharibi, kando ya barabara kuu iendayo Mafinga na Mbeya, na njia ni tatu: kukodi bajaji au teksi ya kwenda na kurudi, kuchukua bodaboda, ambayo ni rahisi lakini siipendi juu ya barabara yenye malori mengi kiasi hicho, au kupanda gari la Mafinga, ukamwomba kondakta akushushe penye kibao, kisha ukamalizia kwa miguu. Njia ya tatu yawafaa wanafunzi na wenye afya. Vyovyote iwavyo, ondoka mapema, uwe umefika saa mbili au saa tatu za asubuhi, kwa sababu kufikia adhuhuri korongo lile halina kivuli, na kuta zake hurudisha joto. Beba maji zaidi ya unavyodhani yatakutosha. Malipo ya serikali siku hizi hufanywa mara nyingi kwa simu, kwa namba unayopewa pale pale, basi uwe na salio, na udai stakabadhi yako.

Watu wengi wakifika Isimila hukimbilia zile nguzo, na siwalaumu, maana ni ajabu ya Mungu: udongo na mchanga uliogandamana, ukaliwa na maji ya mvua mwaka baada ya mwaka, ukabaki umesimama kama minara mirefu myekundu, kila mmoja ukilindwa na tabaka gumu lililo kichwani mwake, ambalo likianguka nguzo nayo huanza kuliwa. Lakini anayeanza na nguzo huwa amemaliza hamu yake kabla ya kufika kwenye jambo kubwa. Anza na nyumba ndogo ya makumbusho iliyo mlangoni, kisha shuka katika korongo la zana, na nguzo ziwe za mwisho.

Hapa palikuwa na maji zamani, bwawa au ziwa dogo lililozungukwa na vichaka, na wanyama walikuja kunywa, na watu walikuja kwa sababu ya wanyama. Mifupa iliyopatikana ni pamoja na ya kiboko wa jinsi iliyokwisha kutoweka duniani, ambaye macho yake yalikaa juu zaidi kichwani kuliko ya kiboko tumjuaye. Bwawa likakauka, likafunikwa na udongo; kisha, baada ya zama zisizopimika kwa akili ya kawaida, kijito kikaupasua udongo ule na kuzifichua zana zilizokuwa zimelala. Mwaka 1951 mwanafunzi kutoka Afrika Kusini, aliyekuwa akipita njia, aliziona, na miaka ya 1957 na 1958 mtaalamu wa Kimarekani F. Clark Howell na wenzake wakapachimba kwa utaratibu. Kuhusu umri wake utasikia mara miaka 60,000, ambayo ni hesabu ya zamani, na mara miaka 260,000, ambayo ilitokana na vipimo vilivyofanywa baadaye. Hii ya pili ndiyo inayotegemewa zaidi, lakini usimfedheheshe mwongozaji akikutajia ya kwanza, kwani imeandikwa katika vitabu vingi.

Omba uoneshwe shoka moja kwa karibu, na ukiruhusiwa kulishika, lishike kwa mikono miwili. Lina umbo la chozi, ncha moja nyembamba na kitako kinene kinachojaza kiganja. Ligeuze polepole kwenye mwanga: uso mmoja una makovu mapana, kila kovu limeingia kidogo ndani ya lililotangulia, na uso wa pili una makovu kama hayo hayo, na pale nyuso mbili zinapokutana pamefanyika makali yenye kwenda kombo, kulia na kushoto, kwa kipimo kilicho sawa. Kila kovu ni pigo moja la jiwe juu ya jiwe. Mpigaji alijua kabla ya kupiga kibanzi kitatoka wapi, na alikuwa na umbo kamili akilini mwake, umbo lile lile alilokuwa nalo jirani yake, maana yametapakaa mengi humo korongoni na yote ni ndugu. Mengine ni madogo, na mengine yafikia urefu wa sentimita 40 na uzito wa kilo kadhaa, hata mtu hujiuliza yalitumiwaje na mkono wa nani. Kaa na swali hilo. Lina thamani kuliko picha ishirini za nguzo.

Kisha lirudishe mahali pake. Nasema hivi kwa mkazo kwa sababu mawe ni mengi, mlinzi ni mmoja, na nafsi humshawishi mtu kwamba kipande kimoja hakitapunguza kitu. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 yakataza kuchukua, lakini hata lau isingekuwepo, aliyeondoa jiwe pale ameondoa pia elimu ya mahali lilipolala, ambayo haiwezi kurudishwa hata jiwe likirudi. Usinunue vilevile kwa mtoto atakayekufuata njiani na zana kiganjani. Ukinunua leo, kesho atakwenda kufukua nyingine.

Alasiri ya siku hiyo, ukiwa bado una nguvu, waweza kwenda Igeleke, karibu na mji, penye mwamba wenye michoro ya kale ya rangi nyekundu ya wanyama na watu. Ni mahali padogo na hapatachukua muda mrefu. Sharti langu ni moja: asije mtu akamwagia michoro maji ili rangi ikolee kwa ajili ya picha. Ni mazoea mabaya yaliyoenea katika nchi nyingi zenye michoro ya mapangoni, na kila tone huondoka na chembe ya rangi.

Siku ya tatu ni ya Kalenga, na hapa namwomba msomaji apunguze mwendo kabisa. Usiiweke Kalenga na Isimila katika siku moja, ingawa madereva watakuambia kwamba inawezekana. Yawezekana kwa magurudumu, haiwezekani kwa moyo. Kijiji chenyewe kiko kiasi cha kilomita 15 kutoka mjini, katika njia ya kwenda Hifadhi ya Ruaha, na daladala zipo.

Kalenga ndiyo Iringa ya kwanza. Hapo ndipo Mkwawa alipojenga ngome yake ya mawe, na mji tunaouita Iringa leo ulianzishwa na Wajerumani mwaka 1896, baada ya ngome kuanguka. Ili uifahamu habari yake sharti uanzie mbali, na kwa bahati waanzia nyumbani kwetu pwani. Mwaka 1888, kampuni ya Kijerumani ilipojitwalia madaraka ya miji ya mrima, mwakilishi wake katika Pangani alikuwa Emil von Zelewski, mtu mwenye kiburi, ambaye vitendo vyake vilimvunjia heshima liwali wa Sultani na hata msikiti, na vikawa miongoni mwa vichochezi vya vita vya Abushiri bin Salim. Abushiri akanyongwa Pangani mwaka uliofuata. Zelewski akapanda cheo hadi kuwa kamanda wa majeshi ya Kijerumani katika nchi yote, watu wakimwita Nyundo, na mwaka 1891 akaongoza jeshi kuingia Uhehe. Tarehe 17 Agosti, mahali paitwapo Lugalo, Wahehe waliokuwa wamejificha majanini na nyuma ya mawe wakamzukia kwa mikuki, na katika muda mfupi yeye, Wazungu wenzake na askari wake wengi wakawa wameuawa. Mtu wa Pangani asimamapo Kalenga hasimami katika habari ya watu wa mbali.

Miaka mitatu ilipita, na tarehe 30 Oktoba 1894 Wajerumani wakarudi na mizinga, wakaiteka ngome. Mkwawa hakutekwa. Kwa karibu miaka minne aliwindwa porini, zawadi ya rupia 5,000 ikiwa imewekwa juu ya kichwa chake, na watu wake, kwa njaa yao yote, hawakumtoa. Hata ndugu yake Mpangile, aliyetawazwa na Wajerumani, alinyongwa nao mwaka 1897 kwa kudhaniwa kwamba anamsaidia. Mnamo Julai 1898, akiwa mgonjwa na amezingirwa, alijipiga risasi huko Mlambalasi. Kichwa chake kikakatwa, na fuvu likapelekwa Ujerumani.

Katika makumbusho ya Kalenga utaona silaha, ngao, na vitu vya ukoo, lakini macho ya kila mtu huishia kwenye sanduku la kioo ambamo fuvu limewekwa. Fahamu, utakapokuwa mbele yake, kwamba katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246 kiliitaka Ujerumani irudishe vitu viwili: Kurani ya Khalifa Uthman, iliyotolewa Madina na watawala wa Kituruki, na fuvu la Sultani Mkwawa. Vitu hivi viwili viliandikwa katika kifungu kimoja cha mkataba uliomaliza vita vya dunia. Fuvu halikurudi kwa miaka 35. Gavana wa Tanganyika, Edward Twining, alikwenda Bremen kulitafuta katika makumbusho yenye mafuvu kwa maelfu, akilinganisha vipimo na vya vichwa vya jamaa za Mkwawa, hata akachagua moja lenye tundu la risasi. Na mwaka 1954 akamkabidhi mjukuu, Chifu Adam Sapi Mkwawa, ambaye baada ya uhuru alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Wapo wanaobishana kama ndilo hasa. Mabishano hayo yafanyike kwenu barazani, si mbele ya watu wa Kalenga, ambao kwao pale pamelazwa babu.

Adabu za mahali hapo si nyingi. Vaa mavazi ya heshima. Vua kofia. Wasalimu wazee kwanza, na ukijifunza neno moja la Kihehe liwe “kamwene”, maana hufungua nyuso. Usipige picha ya fuvu bila idhini, na ukikataliwa usishurutishe wala usitoe fedha kwa siri. Watoto waambiwe mapema wanachokwenda kuona. Mtoto aliyeandaliwa huuliza maswali mazuri kupita wakubwa, na asiyeandaliwa huogopa au hucheka, na hapo kosa si lake. Mpe mwangalizi nafasi asimulie mpaka mwisho, hata kama habari umekwisha kuisoma, kwa kuwa husimulia kama mambo ya jamaa yake, na hilo hulipati kitabuni.

Mwenye siku ya nne na gari imara aende Mlambalasi, kiasi cha kilomita 50 kutoka mjini, palipo na kaburi la kiwiliwili cha Mkwawa na pango la mwamba ambamo wataalamu wamechimba na kupata mifupa ya watu wa zama za mawe. Yafaa kwenda na mwongozaji, na asiyeweza mwinuko wa mawe angoje chini. Asiye na siku hiyo asihuzunike. Kheri kuiona Kalenga vizuri kuliko kupita mahali pawili mbio.

Nilisema nitalirudia soko. Soko la Iringa hufaa asubuhi, na kitu cha kununua ni vikapu vya milulu vinavyosukwa na kina mama wa Kihehe. Kikapu kizuri hujulikana kwa kukibonyeza: kikirudi umbo lake kimekazwa vyema; na ukikitazama kwenye mwanga msuko hauachi matundu. Usipunje bei hadi kumdhili muuzaji, maana kazi ile huchukua siku nyingi za mikono. Ulanzi, kileo cha mianzi ambacho mkoa huu unajulikana nacho, utauona ukiuzwa wakati wa mvua. Anayeepuka vileo ajue kwamba hata ule mtamu wa asubuhi huchachuka upesi. Kwa chai na chakula cha mchana, nendeni mgahawa wa Neema Crafts, karakana iliyoanzishwa mwaka 2003 na Dayosisi ya Anglikana ya Ruaha, ambamo watu wenye ulemavu hufuma, hutengeneza karatasi na shanga, na wahudumu wake ni viziwi. Utaandika unachotaka au utakionesha kwa mkono, na utahudumiwa kwa murua.

Tikiti ya kurudi ikate siku moja kabla. Na sasa, ukiwa wenda zako, mwenye gari asimame Lugalo. Niliomba usisimame wakati wa kuja kwa sababu pale pana mnara tu, uliojengwa na Wajerumani kwa ajili ya maofisa wao waliouawa, na mtu asiyejua habari huutazama dakika moja akaondoka. Lakini aliyetoka Kalenga huona mteremko, majani na mawe, na huweza kukadiria jeshi lilipita wapi na mikuki ilitoka wapi. Abiria wa basi hawezi kusimamisha gari, basi amwambie kondakta mapema kwamba anataka kuoneshwa mahali penyewe, akae dirishani, na awe macho tangu gari litokapo Igumbilo, kwa kuwa baada ya hapo hazipiti dakika nyingi.